Mwaka Tuliosomea Mapokezi

Wasichana wanne waliingia msibani kwa Mwanaidi wakiwa wametoka moja kwa moja kazini, na kifuani pa kila mmoja, juu ya mfuko wa sare, palikuwa pameshonwa kwa uzi mwekundu maneno haya: Muuguzi wa Dharura. Walivua viatu mlangoni, wakajitanda kanga, wakatuamkia sisi wanawake wazima tuliokuwa tumekaa mkekani, shikamoo kwa kila mmoja mpaka wakatumaliza. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza. Nyumba ya kwao Mwanaidi, pale mjini Moshi, ilikuwa imebaki na harufu ya ubani na sauti ya chini ya wanawake waliokuwa wakisoma. Mimi ni mwanamke wa Marangu, Mkatoliki, muuguzi mstaafu, na nilikuwa nimejizuia kulia tangu nilipopigiwa simu asubuhi nikiwa kihambani, katikati ya migomba, nikikatia ng'ombe majani. Sikulia nilipomwona dada yake. Sikulia jeneza lilipotolewa. Nililia nilipoyasoma yale maneno kwenye sare ya msichana ambaye, siku tulizokuwa tukiyatafuta sisi, pengine alikuwa bado anajifunza kuandika jina lake. Mama aliyekaa pembeni yangu alinishika bega akaniambia nimwombee tu. Hakujua kwamba nilikuwa namlilia Mwanaidi na papo hapo naulilia mwaka mmoja, mwaka ambao tulipanga chumba kimoja Kiboriloni tukasomea kazi ambayo wakati ule haikuwa na jina la kushona kifuani.

Hospitali tuliyofanyia kazi sitaitaja, kwa sababu mambo yaliyokuwa pale wakati ule yalikuwa hivyo hivyo karibu kila mahali. Chumba cha kupokelea wagonjwa wa ghafla tulikiita mapokezi tu. Kilikuwa kirefu, kimepakwa rangi ya bluu hadi usawa wa bega, na benchi limeegemezwa ukutani kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya daktari. Mgonjwa alikaa mwisho wa benchi, akawa anasogea kadiri waliomtangulia walivyoondoka. Aliyepiga kelele au mwenye ndugu wakali alirushwa mbele. Hapakuwa na muuguzi wa mapokezi. Palikuwa na muuguzi aliyepangwa mapokezi mwezi huo, na mwezi uliofuata angepelekwa wodi ya wazazi au kliniki ya macho, na mwingine angeletwa kuanza kujifunza upya mashine ya oksijeni inafunguliwa upande gani. Ukigombana na matroni, ulipelekwa mapokezi. Ukiwa mgeni, ulipelekwa mapokezi. Mimi nilipelekwa kwa ugeni. Mwanaidi, nadhani, kwa mdomo wake.

Alikuwa mtoto wa mjini, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na alizungumza Kiswahili kilichonyooka ambacho kilinifanya mimi, niliyekulia kwenye Kichagga, nijisikize kabla ya kusema. Hatukuwa marafiki mwanzoni. Urafiki wetu ulianza siku alipokuja mkulima mmoja kutoka juu huko mlimani, aliyeanguka kutoka kwenye mti alipokuwa akipunguza matawi yaliyokuwa yakitia kivuli kahawa yake. Alikuja na mke wake, kwa miguu yake, amevaa sweta. Alisalimia watu wote benchini. Alipoulizwa, alisema tumbo linamuuma kidogo na anasikia uchovu. Mbele yake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akilia kwa maumivu ya jino na kijana aliyekatwa kidole, na watu waliwahurumia hao, na yule mkulima mwenyewe akawa wa kwanza kusema watangulie. Zamu yake ilipofika alikuwa amemwegemea mkewe kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Damu yote ilikuwa imemvujia tumboni. Jioni Mwanaidi alinikuta nyuma ya jengo, kwenye bomba la maji, akasimama akiangalia mikono yake. Alisema, "Alikuwa mpole, Yusta. Amekufa kwa sababu alikuwa mpole." Nimesikia hotuba nyingi tangu hapo kuhusu umuhimu wa kuwa na wauguzi waliosomea dharura, na sijasikia iliyolieleza jambo hilo vizuri kuliko maneno hayo.

Haukupita muda mrefu, akaja Sista Adventina. Hakuwa mtawa; sisi wauguzi wote tunaitwa sista. Alikuwa mwanamke mfupi wa Bukoba, aliyekwenda kusoma nje na kurudi akiwa na neno moja tu kichwani, kwamba mapokezi ni taaluma. Aliwashawishi wakubwa wa hospitali wamruhusu afundishe wauguzi wachache kwa mwaka mzima, wakiwa kazini, na mwishoni wafanye mtihani wa maandishi na wa vitendo mbele ya wasimamizi kutoka nje, na anayefaulu apewe cheti cha uuguzi wa dharura. Tulijitokeza sita. Matroni wetu, Mama Massawe, mwanamke wa haki lakini mchovu, alituuliza kama tunaelewa kwamba tutasoma baada ya zamu na si badala ya zamu. Tulisema tunaelewa. Hatukuelewa hata kidogo.

Kwa sababu ya masomo hayo Mwanaidi alihamia kwangu. Nyumbani kwao kulikuwa na watu wengi na redio haizimwi, na mimi nilikuwa na chumba Kiboriloni, nyuma ya soko, ambacho kodi yake ilikuwa nafuu kwa kuwa kilipakana na choo cha wapangaji wote. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba zote nilizoishi baadaye, pamoja na hii niliyoijenga mwenyewe. Kulikuwa na kitanda kimoja na godoro la chini, na tulibadilishana kila Jumapili nani alale wapi. Dirisha lilitazama uwazi ambako wauza mitumba walianika nguo walizokuwa wamezifua, hivyo tulisoma magonjwa ya moyo tukiangalia mashati ya Wazungu yakipungia upepo. Siku za baridi, wingu liliposhuka kutoka mlimani na kulala juu ya mji, tuliingiza jiko la mkaa ndani mlango ukiwa wazi, na Mwanaidi alinifokea kila nilipotaka kuurudishia, akinitajia dalili za mtu aliyevuta hewa ya mkaa moja baada ya nyingine kama anayenisomea mashtaka.

Tulipishana kuhusu chakula mpaka tukazoeana. Mimi nilipika mtori, ndizi zilizosagika pamoja na nyama mpaka zikawa kama uji mzito, na yeye alidai kuwa hicho ni chakula cha wazazi waliotoka kujifungua. Alikula bakuli mbili. Alipika maharage ya nazi, nami nikadai kuwa ni matamu mno kwa mtu mzima, na nikakomba sufuria. Mwezi wa Ramadhani ulipofika nilijikuta nami sili mchana, si kwa dini bali kwa aibu ya kutafuna mbele ya mtu aliyetoka zamu na bado ana saa mbili za darasa. Jua lilipozama alikoroga uji wa pilipili manga, akakaanga kaimati, na jirani yetu Mama Elia, aliyeuza sketi za mitumba pale sokoni, akaja na bakuli lake bila kualikwa. Huyo Mama Elia alituogopa kwa muda. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na kila alfajiri alitusikia tukikariri kwa kupokezana: njia ya hewa, pumzi, damu, fahamu, njia ya hewa, pumzi, damu, fahamu. Siku moja nilimsikia akimweleza mwanamke mwenzake bombani kwamba wale masista wawili wameingia kwenye kanisa jipya, mmoja Muislamu na mmoja Mkatoliki, na wana sala yao ya ajabu. Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alikwenda mwenyewe kumfafanulia: akija mtu mahututi, huangalii kwanza jeraha linalotisha; unaangalia kama hewa inapita, kisha kama anapumua, kisha damu yake, kisha kama anajitambua, kwa mpangilio huo huo kila siku, hata ukiwa umechoka, hata ukiwa unaogopa. Mama Elia alifikiri, akasema kama ni hivyo basi ni sala kweli.

Darasa letu lilikuwa chumba nyuma ya stoo ya mashuka. Sista Adventina hakuwa na vifaa vingi. Mmoja wetu alilala mezani akawa mgonjwa, na yeye akamnong'oneza ugonjwa wake sikioni, na sisi wengine tukawa na kazi ya kugundua. Mwanaidi akiwa mgonjwa ilikuwa balaa, kwa sababu aliigiza mpaka ukasahau kuwa ni mchezo. Tukishachoka, mwalimu wetu alituhadithia. Alituambia kuwa huko alikosomea pia mapokezi palikuwa mahali pa kutupia wauguzi wasio na kwao, na kwamba waliokaa pale kwa kupenda ndio waliokutana, wakaandika wenyewe mambo ambayo muuguzi wa chumba kile lazima ayajue, wakadai yatungiwe mtihani. Walipingwa. Waliambiwa mkunga ana sababu ya kuwa na cheti chake, na wa nusukaputi ana chake, kwa kuwa kazi zao zina mipaka. Lakini mapokezi huingia kila kitu, na kazi isiyo na mipaka haiwezi kuwa na ubingwa. Nao wakajibu kwamba ubingwa wao ndio huo, kujua katika kila kitu kinachoingia kipi hakiwezi kungoja. Sijui ni kiasi gani cha hadithi ile kilitokea kweli na kiasi gani alikipamba kwa ajili yetu. Najua tulitoka mle tukitembea tofauti. Watu sita tuliokuwa tumepelekwa mapokezi kwa adhabu au kwa ugeni, tulianza kuona aibu kumwachia mtu mwingine chumba kile.

Masika ya mwaka ule gari lililobeba watu wa harusi liliacha njia kwenye barabara ya Marangu, likalala ubavu. Waliletwa mchana, kwa pikapu na gari za watu, wamevaa nguo nzuri zenye matope. Mimi na Mwanaidi tulikuwa zamu. Sista Adventina alikuwa ametufundisha kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao na si kwa foleni, kila mmoja na rangi yake, nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kukaa. Lakini hatukuwahi kufanya hivyo kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Hatukuwa hata na vitambaa vya rangi. Mwanaidi alichukua rangi ya mdomo kwenye pochi ya msimamizi wa bibi harusi, akaomba samahani, akaanza kutia alama kwenye vipaji vya nyuso. Alipita haraka, akigusa, akisikiliza, akiuliza jina, na waliokuwa wakipiga kelele sana aliwapita akiwaambia kwa upole kwamba mtu mwenye sauti hiyo ana hewa ya kutosha. Alisimama kwa bwana mmoja wa makamo aliyekaa kimya amejishika ubavu, akamtia alama nyekundu. Daktari kijana aliyekuwa zamu alikuja upande wetu, na hakutuuliza kwa nini tumewapaka watu rangi. Aliuliza, "Yupi?" Mwanaidi akamwonyesha, akasema upande wa kushoto hauingizi hewa. Daktari alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na mikono yao ikaanza kufanya kazi kama watu waliolelewa nyumba moja. Bwana yule aliishi. Wote waliofika wakipumua siku ile waliishi. Daktari alituambia baadaye, tukiwa tunakunywa chai kwa kusimama, kwamba kilichomfurahisha ni kuwa hakulazimika kutafsiri; alisema neno moja tukaelewa, nasi tukasema moja akaelewa. Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Watu hudhani cheti ni cha kumpandisha muuguzi karibu na daktari. Mimi naona ni cha kuwawezesha watu wawili waliochoka kuelewana haraka mbele ya mtu wa tatu ambaye hana muda.

Ni baada ya ajali ile ndipo niliposikia jambo ambalo sikutakiwa kulisikia. Nilikuwa nangoja nje ya ofisi ya matroni, dirisha likiwa wazi, na yeye alikuwa na mganga mfawidhi wa hospitali. Mganga alikuwa akitusifia. Mama Massawe alisema hata yeye anatusifia, lakini yeye ndiye anayepanga zamu, na ana wodi ya wazazi yenye muuguzi mmoja kwa vitanda vyote. Alisema ukishampa mtu cheti kinachosema yeye ni wa mapokezi, atataka kubaki mapokezi, na huko serikalini hakuna nafasi yenye jina hilo. Kwenye muundo wa kazi ni muuguzi tu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeumia, kwamba tunawasomesha hawa watoto kazi ambayo haipo. Sikumwambia Mwanaidi. Tulikuwa tumebakiza muda mfupi kabla ya mtihani, naye alikuwa amepungua mpaka sare inampwaya, na kila nilipofungua mdomo nilimwona akikariri huku anasonga ugali, nikaufunga.

Mtihani tuliufanya, na tulifaulu, wote sita. Siku ya kupewa vyeti lilifungwa turubai uwanjani, mlima ulikuwa wazi toka asubuhi mpaka watu wakaacha kuutazama, na kulikuwa na pilau na soda. Mama Elia alikuja amevaa sketi nzuri kuliko zote alizowahi kuuza. Sista Adventina alituita majina, mmoja mmoja. Nina picha ya siku ile akilini tu, kwa maana aliyepiga picha hakutuletea. Mwanaidi amekishika cheti kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake.

Mwezi uliofuata matroni alituita mmoja mmoja. Alikuwa mwema, alitupa viti. Mimi nilipelekwa wodi ya watoto. Wengine walikwenda upasuaji, wazazi, wodi ya wanaume. Mwanaidi alipangiwa kliniki ya macho. Mapokezi waliletwa wauguzi wawili wapya kutoka chuoni, na niliwaona asubuhi moja nikipita, wakiligeuza geuza koo la mtungi wa oksijeni. Mwanaidi hakugombana. Nilitarajia agombane. Alikwenda kliniki ya macho kwa wiki chache, akawa anarudi chumbani mapema, anafua, anapika, hakariri. Kisha akaomba uhamisho kwenda Sanya Juu, kwenye kituo kidogo cha afya, mahali ambapo muuguzi aliyepelekwa kwa kawaida alilia.

Jioni aliyoniambia alikuwa ametengeneza kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, chakula changu cha nyumbani, na alikuwa amekipatia. Alinieleza kwamba kule wauguzi ni wachache mno kiasi kwamba hakuna wa kumhamisha. Yeye mwenyewe ndiye atakuwa mapokezi, na wodi, na kila kitu, na chumba cha kwanza ukiingia mlangoni atakipanga anavyotaka. Alisema barabara ile ina pikipiki nyingi na akina mama wanateremshwa kutoka mbali. Kisha akasema, "Twende wote, Yusta. Tutakipanga pamoja." Nilimwambia nitabaki. Niliamini mambo yatabadilika pale hospitalini na mtu wa kwanza kurudishwa mapokezi atakuwa aliyekuwa karibu. Yeye aliamini mambo yatabadilika pale mtu atakapoonyesha mahali ambapo yameshabadilika. Nikitazama nyuma naona hakuna aliyekosea. Mambo yalibadilika kwa njia zote mbili, polepole mno. Lakini usiku huo kitanda kilikuwa zamu yake, na hakukilalia. Alisema nianze kukizoea.

Nilikizoea, na chumba nikakihama baada ya miezi, kwa kuwa sikuweza kukaa mle na godoro lililokunjwa. Tulipigiana simu. Tulikutana kwenye harusi yangu, kwenye misiba, mara chache sokoni, kila mmoja akiwa na haraka. Nilipata habari zake kutoka kwa watu: amepaka sakafu ya kituo mistari ya rangi kwa mkono wake, amewafundisha waendesha pikipiki namna ya kumbeba mtu aliyevunjika shingo, amemtoa mtoto kipande cha muwa kooni mbele ya mama yake. Baada ya miaka, vyuo vikaanza kufundisha uuguzi wa dharura rasmi, na jina lile likapata nafasi kwenye muundo wa kazi. Mimi nilirudishwa mapokezi, nikawa nafundisha wanaoanza mpaka nilipostaafu. Kwa Mwanaidi ilikuwa hivi: aliambiwa cheti chetu cha mwaka ule ni kizuri lakini hakilingani na kipya, na kama anataka kutambuliwa arudi shule. Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimpigia nikamwambia asikubali, kwamba wao ndio waje kusoma kwake. Alicheka kile kicheko chake cha puani. Aliniambia kwamba asipokwenda yeye, msichana atakayekuja baada yake pale Sanya Juu ataambiwa kuwa hata Bi Mwanaidi hakukihitaji hicho cheti kipya. Akaenda, mwanamke mzima mwenye miwani, akakaa dawati moja na wasichana aliokuwa amewafundisha kushika sindano. Akafanya mtihani upya kutoka swali la kwanza.

Mmoja wa wasichana hao ni Neema, ndiye aliyekuwa mbele ya wale wanne siku ya msiba. Alinifuata mkekani, akapiga magoti, akasema marehemu alikuwa akinitaja, na kwamba wangependa niende siku moja nikione kituo. Niliahidi kama watu wanavyoahidi misibani. Ilipopita arobaini nikaona nimekosa raha, nikavaa nikaenda. Sikuwahi kufika pale alipokuwa hai. Aliponialika nilikuwa zamu, na nilipokuwa huru alikuwa darasani, na kila mmoja alidhani mwenzake ana muda. Neema alinipokea akaniketisha kwenye kiti karibu na mlango wa kile chumba cha kwanza, akaenda kunitafutia chai. Mistari ya sakafuni ilikuwepo, imefifia katikati palipokanyagwa sana. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo ningekiweka mimi, kwa sababu tulifundishwa kukiweka hapo na mtu mmoja, na nilikaa nikikitazama chumba kile kama mtu anayesikia lugha ya kwao baada ya miaka mingi ugenini.

Chai haikufika. Pikipiki ilisimama nje, na mama mmoja akashuka na mtoto aliyekuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Niliinuka kitini bila kujua, mikono yangu imeshanyanyuka mbele yangu. Neema alikuwa amemfikia kabla yangu. Alimlaza mtoto ubavu, akafungua njia ya hewa, akatega sikio, na bila kugeuka akaomba oksijeni, na mwenzake alikuwa tayari ameshika mpira wake. Walizungumza maneno machache sana. Neema alimwambia mama aje upande wa kichwa, amguse mwanawe, aendelee kumwita jina. Nilirudi kitini. Hakukuwa na jambo hata moja la kuongeza. Mtoto akaanza kutulia, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akalia kilio kile cha hasira ambacho kila mtu aliyewahi kufanya kazi yetu hukisubiri, na mama yake akaketi sakafuni, juu ya mstari mwekundu, akiwa amemshika mguu.

Nikatamani Mwanaidi awepo kuliko nilivyowahi kutamani jambo lolote. Si kwa ajili ya kumwonyesha. Haya yeye alikuwa akiyaona kila siku ya kazi, na alikuwa ameyaona kabla hayajawepo. Nilitaka tu awe kwenye kiti cha pembeni, magoti yetu yakigusana, tuwe wawili tusiohitajika katika chumba kile.